Koki nyeusi zisizong'aa za bafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu koki za beseni la kunawia na za bomba la mvua zenye rangi nyeusi isiyong'aa. Koki hii nyeusi haiharibiwi sana na matumizi yenyewe. Inayoiharibu ni maji yanayokaukia juu yake na dawa za usafi zisizofaa. Maswali yana namba, na jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine utaelekezwa huko.

## Kabla ya kununua

1. Huo weusi ni rangi, au chuma chenyewe ni cheusi?

Ni ngozi tu. Chini yake kuna brasi, zinki, stenlesi au plastiki. Ngozi hiyo huwekwa kwa njia kuu tatu, na tofauti ya bei unayoiona dukani inatokana zaidi na hapo pamoja na chuma kilichomo.

Ya kwanza ni rangi ya kupuliza, kama ya gari lakini nyembamba. Ni rahisi, na ndiyo inayochubuka mapema, hasa kwenye kona na chini ya mkono wa koki.

Ya pili ni rangi ya unga. Unga mkavu wenye chaji ya umeme hurushwa juu ya koki ukanata, kisha koki huokwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 mpaka unga uyeyuke na kuwa ganda moja. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 60 hadi 100 (mikroni 1000 ni milimita moja). Madirisha mengi ya alumini yenye rangi hupakwa hivyo hivyo.

Ya tatu huandikwa PVD kwenye boksi. Chuma huvukizwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, na mvuke wake hujishika juu ya koki. Ngozi hii ni nyembamba mno, mara nyingi haifiki mikroni moja, lakini ni ngumu kuliko rangi yoyote. Weusi wake huelekea kijivu cha mkaa na huwa na mng'ao kidogo. Ukionyeshwa koki nyeusi tii kama masizi ukaambiwa ni PVD, omba karatasi ya mtengenezaji uisome mwenyewe.

2. Sasa ninunue ipi?

Kwa nyumba nyingi, brasi yenye rangi nzuri ya unga inatosha kabisa. Kama maji yako ni ya kisima, una watoto wadogo, au usafi unafanywa na watu wanaobadilika-badilika, lipia PVD juu ya brasi. Koki ya kuikimbia ni ya zinki iliyopulizwa rangi: ngozi ikitoboka sehemu ndogo tu, zinki huanza kuoza chini yake na mapovu hujitokeza pembeni ya tundu. Ni afadhali ununue ya kromu yenye brasi kwa fedha hiyo hiyo.

3. Nitajuaje dukani kama ndani ni brasi au zinki?

Fungua chujio dogo la mdomoni, linazunguka kinyume cha saa, kisha mulika ndani kwa tochi ya simu. Rangi haifiki huko vizuri, kwa hiyo chuma chenyewe huonekana kwenye nyuzi za kufungia chujio. Umanjano ulioiva ni brasi. Kijivu hafifu ni zinki. Halafu igeuze koki juu chini uangalie matundu mawili ya kuingizia mipira ya maji, nayo mara nyingi huachwa bila rangi. Ukiona mng'ao mweupe kama fedha huenda ni nikeli iliyopakwa juu ya brasi. Tafuta mkwaruzo kwenye ukingo wa nyuzi uone chini yake kuna nini.

Uzito unasaidia lakini unadanganya, maana zinki ni nyepesi kuliko brasi kwa takriban moja ya tano tu, na koki nene ya zinki inaweza kuizidi uzito koki nyembamba ya brasi. Usishtuke ukikuta mkono wa kufungulia ni wa zinki. Koki nyingi nzuri ziko hivyo, na mkono haupitishi maji.

4. Muuzaji ameweka sumaku na haikushika. Si ndiyo ushahidi kwamba ni brasi?

Hapana. Sumaku haishiki brasi, haishiki zinki, haishiki plastiki, na stenlesi nyingi za koki nazo haizishiki. Inachokuonyesha ni kwamba koki si ya chuma cha kawaida, basi.

5. Nikague nini kingine kabla ya kulipa?

Angalia sehemu tatu ambako rangi hukosewa: ukingo wa mdomo unapotokea maji, upande wa chini wa mkono, na duara la kitako. Rangi iliyopungua hapo hukuonyesha mstari mwembamba wa fedha au wa njano. Pitisha kidole: uso uwe na ulaini wa namna moja, bila punje za vumbi zilizonaswa wala michirizi ya rangi iliyotiririka.

Inua na kuzungusha mkono mara kadhaa. Uende kwa ulaini wenye uzito kidogo, bila kukwaruza wala kuchezacheza. Kisha muulize muuzaji katriji ya ndani, yaani kidude kinachofungua na kufunga maji, ni ya milimita ngapi na kama anayo ya akiba. Za milimita 35 na 40 hupatikana kirahisi. Saizi ya ajabu ina maana kwamba siku ikianza kudondosha maji utatupa koki nzima kwa kukosa kipuri kidogo.

6. Kwenye boksi wameandika saa za jaribio la chumvi. Zinaniambia nini?

Koki huwekwa ndani ya kabati lenye ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5, kwenye joto la nyuzi 35, kwa kufuata viwango kama ISO 9227 au ASTM B117. Saa zilizoandikwa ni muda ambao ngozi ilivumilia bila kuharibika. Saa 24 ni kidogo, na 200 ni jambo la kufurahia, hasa kwa mtu wa pwani. Tumia namba hizo kulinganisha koki na koki. Huwezi kuzigeuza kuwa miaka ya bafuni kwako.

7. Tangi langu liko kwenye mnara mfupi. Miksa (koki inayochanganya maji ya moto na baridi) itatoa maji ya kutosha?

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu koki ilipendeza dukani na nyumbani inatoa uzi wa maji. Kila mita 10 za kimo cha maji hukupa presha ya baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya koki linakupa baa 0.3 tu. Miksa nyingi zenye mkono mmoja zimetengenezwa kwa baa 0.5 hadi 5, na hufanya kazi vizuri kuanzia baa 1.

Pima kabla ya kununua. Fungua ango valvu (valvu ndogo ya ukutani ya kufungia maji) ya chini ya beseni ikiwa haina koki, kinga jagi la lita 1 na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 5 au pungufu uko salama. Likichukua zaidi ya sekunde 10, yaani pungufu ya lita 6 kwa dakika, jua kwamba mipira myembamba ya miksa, katriji na chujio la mdomoni vitapunguza zaidi hapo.

Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni kuinua tangi. Ya pili ni kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linaloshuka. Ya tatu, iliyo rahisi, ni kuchagua koki za mikono miwili zenye njia pana ya maji badala ya miksa ya mkono mmoja. Usikubali ushauri wa kuondoa chujio la mdomoni moja kwa moja. Maji yatarukaruka na kuacha matone kila mahali, na matone ndiyo chanzo cha swali la 14.

8. Bafuni kwangu hakuna maji ya moto. Kuna haja ya miksa?

Haja haipo. Koki ya maji baridi peke yake ni rahisi, ina vipuri vichache, na kwa bei ya miksa ya hali ya chini unapata ya baridi iliyo bora.

Kama unapanga kuweka hita baadaye na unataka miksa sasa, usiuache mpira wa maji ya moto ukining'inia wazi. Mkono ukiwa katikati, maji baridi hurudi kwa mpira huo na kumwagika kabatini. Tumia kiungo cha T kuipeleka mipira yote miwili kwenye maji baridi, au uzibe ule wa moto kwa kifuniko cha inchi nusu. Ukiuziba, mkono ukigeuzwa kabisa upande wa moto hautatoa maji.

9. Vipimo gani vinapaswa kulingana na beseni?

Tundu la beseni kwa koki ya tundu moja huwa karibu milimita 35. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya shimo la kutolea maji, kisha ulinganishe na urefu wa shingo ya koki: maji yaangukie karibu na shimo. Yakiangukia ukuta wa nyuma wa beseni, utanawa huku mikono ikigonga kauri.

Beseni la kukaa juu ya meza linahitaji koki ndefu. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya ukingo wa beseni na mdomo wa koki. Ukizidisha hapo, maji hurukia kioo na koki yenyewe.

10. Nikinunua vifaa vya kampuni tofauti, weusi utafanana?

Mara chache sana. Nunua koki, mtambo wa bomba la mvua, kizibo cha beseni na ango valvu kwa pamoja, aina moja na ikiwezekana kundi moja la uzalishaji. Vyenye PVD na vyenye rangi ya unga vikiwa ukuta mmoja, hata mgeni ataona tofauti.

## Kufunga

11. Koki ifungwe hatua gani ya ujenzi, na fundi afanyeje?

Iwe ya mwisho, baada ya vigae, simenti nyeupe, rangi ya ukuta na usafi wa mafundi kumalizika. Utaratibu ni huu:

1. Funga maji ya nyumba. Ango valvu ikiwa bado haijawekwa, zungushia nyuzi zake tredi tepu mara 8 hadi 10 kwa upande wa saa, kisha uikaze ukutani.
2. Fungua maji kidogo yakingwe kwenye ndoo hadi yatoke bila mchanga. Mchanga wa ujenzi ndio muuaji mkubwa wa katriji mpya.
3. Ingiza mipira ya maji kwenye kitako cha koki kwa mkono. Ina oringi yake (pete ya mpira), kwa hiyo haihitaji tepu. Spana ikitumika, iwe robo mzunguko tu. Ukizidisha unaikata oringi.
4. Weka mpira wa kitako, tumbukiza koki, kaza nati kutoka chini huku mtu akiishika koki inyooke.
5. Unganisha ncha za pili kwenye ango valvu. Zina wosha ya mpira, na hapa pia tepu haihitajiki.
6. Fungua maji, pangusia karatasi kavu kwenye kila kiungo, na urudie baada ya nusu saa. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halijauona.

Spana yenye meno isiguse sehemu nyeusi hata kidogo. Panapolazimu, tumia spana malaya yenye midomo laini na uweke kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Pete ya kidoleni wakati wa kuishika koki nayo inatosha kuacha alama, kwa hiyo mwenye pete aivue.

12. Koki imeshafungwa na fundi vigae anataka kuosha sakafu kwa asidi. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Asidi ya kuondolea simenti kwenye vigae hutoa mvuke, na mvuke peke yake, bila tone kugusa koki, unatosha kuichafua ngozi nyeusi na kuozesha nati zilizo chini ya beseni. Koki ing'olewe kwanza. Kama haiwezekani, fungua milango na madirisha yote, funika koki kwa mfuko wa plastiki uliobanwa kwa tepu ya karatasi, tumia asidi kidogo iliyochanganywa na maji mengi, suuza sakafu na kuta, kisha toa mfuko na usuuze koki nayo.

13. Silikoni ya kuzungushia kitako iwe ya aina gani?

Isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Na mara nyingi huhitaji silikoni yoyote: mpira wa kitako unatosha kama beseni ni sawa.

## Usafi

14. Madoa meupe yanarudi kila siku. Yanatoka wapi na nayatoaje?

Ni chokaa iliyomo kwenye maji. Tone likikauka, maji huondoka na madini hubaki. Kwenye kromu chokaa hiyo hiyo ipo, ila haionekani haraka. Wingi wake hutegemea maji yako. Maji ya Mwanza kutoka Ziwa Victoria, na ya Nairobi yatokayo Ndakaini, ni laini na yanaacha alama kidogo. Maji ya ardhini ya Unguja na Mombasa hupita kwenye mawe ya matumbawe, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Huko, koki nyeusi isiyofutwa siku tatu huwa na ukungu wa kijivu.

Dawa halisi ni kuifuta iwe kavu. Ning'iniza kitambaa laini karibu na beseni na ufute baada ya kunawa, au angalau usiku kabla ya kulala.

Kwa madoa yaliyokwisha kushika, anza na kilicho laini. Loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo, kifunge kwenye doa kwa dakika 10, futa, suuza, kausha. Yakibaki, changanya siki nyeupe na maji kwa kipimo sawa, chovya kitambaa, kikamue, kizungushe kwenye doa kwa dakika 3 hadi 5, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe. Yasipotoka mara ya kwanza, rudia kesho yake. Usiongeze muda.

Usipulizie siki kwa chupa. Hutiririka hadi kwenye kiungo cha mkono na chini ya kitako, ikakaa humo bila kusuuzwa. Ule mtindo wa kuifunga koki kwenye mfuko wa siki usiku kucha waachie wenye kromu. Jaribu kwanza upande wa chini wa shingo, na usome karatasi ya dhamana, maana watengenezaji wengine hukataza asidi ya aina yoyote. Kwenye koki ya rangi ya kupuliza, siki usiiguse kabisa.

Doa lisipotoka hata baada ya kurudia mara tatu, pitisha ukucha. Chokaa ina ukwaru na ukucha hukwama. Kukiwa laini na bado kuna weupe, ngozi yenyewe imeungua na dawa, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha.

15. Vitu gani visiguse koki hii?

Jiki, dawa ya choo na dawa yoyote yenye asidi kali hula ngozi. Sabuni ya unga ya kukwangulia, stilwaya, ule upande wa kijani wa sponji, magadi ya kuokea na dawa ya meno hukwaruza. Sponji nyeupe ya kufutia madoa ya ukutani huonekana laini lakini ni msasa mwembamba. Thina, asetoni na dawa ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha rangi. Hina na dawa ya nywele zikidondoka, zioshe hapo hapo.

Kuna la usalama pia: usichanganye jiki na siki au dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya kabisa pa kuivuta.

16. Kwa kila siku nitumie nini basi?

Maji, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, kisha kukausha. Sabuni ya mche inasafisha, ila kwenye maji magumu huacha utando mweupe, kwa hiyo isuuze vizuri. Povu la dawa ya meno lioshe kabla halijakauka.

17. Sehemu ya juu ya mkono imeanza kung'aa. Kwa nini?

Uso usiong'aa huonekana hivyo kwa sababu una ukwaru mdogo mno unaotawanya mwanga. Ukisugua mahali pamoja kwa nguvu, ukwaru unasagika na mwanga unaanza kurudi kama kwenye kioo. Hakuna namna ya kuurudisha. Lakini kabla ya kukata tamaa, osha kwa sabuni: mara nyingi ni mafuta ya mikono au losheni tu yaliyojaa humo.

18. Nimeambiwa nipake mafuta ya nazi au nta ya gari ili iwe nyeusi zaidi.

Mafuta huficha madoa kwa siku moja au mbili, kisha hunasa vumbi, na chokaa hujishika ndani ya mafuta hayo ikawa ngumu zaidi kutoa. Nta huziba ukwaru na kuacha mabaka yanayong'aa. Viache vyote viwili.

## Ikianza kusumbua

19. Maji yamepungua ghafla, hasa baada ya mgao.

Maji yanaporudi baada ya kukatika huja na hewa, mchanga na kutu ya mabomba, na vyote hukwama kwenye chujio la mdomoni. Lifungue kwa mkono uliovaa glovu ya mpira. Likiwa limezama ndani, tumia ufunguo wake wa plastiki uliokuja kwenye boksi. Toa moyo wa plastiki kutoka kwenye pete nyeusi, na moyo peke yake ndio uloweke kwenye siki kwa nusu saa. Pete isuuze kwa maji tu. Piga mswaki mlaini, rudisha.

Ili isijirudie, maji yakirudi fungua kwanza koki ya uani hadi yatoke safi, ndipo ufungue za bafuni. Penye mgao wa mara kwa mara, kichujio cha mikroni 100 kwenye bomba kuu huokoa katriji zote za nyumba.

20. Inadondosha hata ikifungwa.

Katriji imechoka au ina punje ya mchanga kati ya visahani vyake vya kauri. Funga ango valvu zote mbili, fungua mkono ili presha itoke, na uzibe shimo la beseni kwa kitambaa, skrubu isije ikatumbukia. Chokoa kidude chenye alama nyekundu na buluu, chini yake kuna skrubu ndogo ya alenki, mara nyingi milimita 2.5 au 3. Vua mkono, kisha funika kofia nyeusi kwa kitambaa na uifungue kwa mkono. Fungua nati, vuta katriji.

Nenda nayo dukani. Zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana miguu ya chini na urefu wa shina. Kabla ya kuweka mpya, futa mchanga kwenye kikalio chake. Oringi zipake grisi ya silikoni. Vaselini na grisi ya gari huvimbisha aina nyingi za mpira wa koki.

21. Imepata mkwaruzo. Inatengenezeka?

Kwanza hakikisha ni mkwaruzo kweli. PVD ni ngumu kuliko alumini, kwa hiyo sufuria au mpini wa ndoo ukiigusa, mara nyingi chuma laini ndicho kinachobaki juu kama mstari wa fedha. Futa kwa kitambaa chenye sabuni mara kadhaa na huenda ukatoka.

Mkwaruzo halisi kwenye rangi ya unga unaweza kufichwa kwa tone la rangi nyeusi isiyong'aa ya kugusia, likipakwa kwa ncha ya kijiti. Utauona ukisogea karibu, lakini unyevu hautaingia. Kwenye PVD, uache ulivyo.

22. Imetoa mapovu na inabanduka. Naweza kuipaka upya?

Kwa kopo la kupuliza, usihangaike. Rangi ile haivumilii sabuni na maji ya kila siku. Karakana zinazopaka madirisha na mageti rangi ya unga zinaweza kuioka upya, kwa masharti mawili. Koki ivuliwe kila kitu cha mpira na plastiki, pamoja na katriji, na nyuzi zizibwe. Pia iwe ya brasi. Zinki ya kumimina hutoa hewa iliyonaswa ndani yake inapopata joto, na mapovu hurudi humo humo tanurini. Kwa koki ya bei ya kati, gharama huwa karibu na ya kununua mpya.

23. Dhamana inagharamia kubanduka?

Soma mstari wa ngozi na mstari wa katriji, maana mara nyingi vina miaka tofauti. Kubanduka kulikosababishwa na dawa za usafi kwa kawaida hakuhesabiwi. Tunza risiti na ile karatasi ya maelekezo, na upige picha koki siku ya kufungwa.

## Mazingira ya pekee

24. Naishi karibu na bahari. Nisinunue kabisa?

Nunua, ila chuma cha chini kiwe sahihi. Upepo wa bahari una chumvi inayoingia kwenye kila tundu la ngozi. Chagua brasi, au stenlesi ya daraja la 316, ambayo huvumilia chumvi kuliko 304. Maji ya chumvi pia hunyonya zinki kutoka ndani ya brasi ya kawaida na kuiacha na vitundu. Brasi iliyotengenezwa kuhimili hilo hugongwa alama ya DZR au CR. Epuka zinki bila mjadala.

25. Nataka moja ya uani, mahali pa kutawadhia.

Jua huchujua baadhi ya rangi za unga zikawa na vumbi la kijivu. Uliza kama ni ya poliesta, inayofaa nje, au ya epoksi, inayofaa ndani tu. Vinginevyo weka stenlesi isiyopakwa kitu.

26. Naweza kutoa kile kichwa cha umeme cha bomba la mvua niweke cheusi?

Kile kichwa ndicho hita yenyewe. Ukikitoa unabaki na maji baridi, mpaka ufunge hita nyingine mahali pengine. Kikitolewa, fundi umeme azime saketi yake na azifunge ncha za nyaya salama. Na usikipake rangi kikiwa ukutani.

27. Weusi huo unaingia kwenye maji ya kupigia mswaki?

Ngozi iko nje. Njia ya maji ni chuma, plastiki na mpira. Cha kuuliza ni madini ya risasi yaliyomo kwenye brasi. Alama ya NSF/ANSI 372 ina maana kwamba wastani wa risasi kwenye sehemu zinazogusa maji hauzidi asilimia 0.25. Kama koki haina alama yoyote, asubuhi acha maji yaliyolala ndani yatoke kidogo kwenye ndoo kabla ya kuyatia kinywani, na maji hayo umwagilie maua.